Maswali ya Mbinguni Yaliyojibiwa Kutoka Ngomeni



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi na vilivyomo baina yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Wapenzi wasomaji, hakuna nyumba yenye watoto isiyowahi kupigiwa hodi na maswali ya mbinguni. Umeme umekatika, watoto wamelala chali juu ya mkeka uani, nyota zimetapakaa kote, na mmoja wao auliza: Nyota zimeshikwa na nini? Mbingu inaishia wapi? Kabla ya vyote hivi kuwapo, kulikuwa na nini? Mara nyingi mwulizaji ni mtoto wa miaka sita au saba, na anayeulizwa ni mama aliyechoka kwa kazi za kutwa.

Wengi wetu hujibu kwa njia moja kati ya mbili. Ya kwanza ni kukemea: nyamaza, hayo ni mambo ya Mungu, usije ukakufuru. Ya pili ni kubuni jibu lolote ili mtoto alale. Njia zote mbili zina gharama. Mtoto aliyekemewa huondoka akidhani kwamba dini huogopa maswali. Aliyedanganywa atafika shuleni, ataujua ukweli, na siku hiyo atajiuliza ni mangapi mengine aliyoambiwa nyumbani ambayo si kweli. Na tukisema kweli, mabinti zetu ndio wanaonyamazishwa mapema zaidi kuliko wavulana.

Wiki hii twataka kusema kwamba swali la namna hiyo ni neema ndani ya nyumba. Wanazuoni wa Kiislamu waliyakaribisha maswali ya mbinguni na wakayafanyia kazi, na mojawapo ya majibu makubwa ya zama zetu lilianzia hapa hapa pwani, kaskazini ya Malindi.

Elimu iliyokuzwa na ibada

Kwanza tulisafishe neno. Kwetu pwani, mtu akitaja falaki, wengi hufikiria wapiga ramli, wenye kutazama nyota ya fulani na kumwambia ataolewa lini. Hiyo siyo falaki tunayoizungumzia. Falaki ya wanazuoni ni elimu ya kupima mwendo wa jua, mwezi na nyota, na Waislamu waliihitaji kila siku. Adhuhuri huingia jua likishapinduka kutoka utosini. Alasiri hujulikana kwa urefu wa kivuli. Magharibi, Isha na Alfajiri hufuata kuzama kwa jua na mwangaza unaotangulia kuchomoza kwake. Kibla chahitaji kujua pembe, na Ramadhani yahitaji kuujua mwezi. Ibada ikawafanya watu wapime, na kupima kukawafungulia mengine.

Abu Rayhan al-Biruni, mwanzoni mwa karne ya 11, alipanda mlima karibu na ngome ya Nandana, katika nchi ambayo leo ni Pakistan. Alipima urefu wa mlima, kisha akapima jinsi upeo wa macho ulivyoshuka chini kidogo alipokuwa kileleni. Kwa pembe hiyo ndogo na hesabu akakadiria ukubwa wa dunia nzima, bila ya kuizunguka. Karibu mwaka 964, Abd al-Rahman al-Sufi wa Isfahan aliandika kitabu juu ya nyota, na ndani yake akataja wingu dogo alilolitambua mbinguni. Leo twajua kwamba wingu lile ni galaksi ya Andromeda, mkusanyiko wa mabilioni ya nyota ulio umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5 hivi kutoka kwetu.

Wala wanawake hawakukosekana. Ibn al-Nadim, katika orodha yake mashuhuri ya vitabu na wanazuoni, amemtaja al-Ijliyya, binti wa fundi al-Ijli, miongoni mwa mafundi wa asturlabu, chombo cha kupimia nyota na nyakati. Binti huyo alifanya kazi Aleppo, katika karne ya 10, chini ya mtawala Sayf al-Dawla. Mabinti zetu wakiambiwa kwamba mambo ya anga ni ya wanaume, jina hilo liwe jibu lao.

Hata majina ya nyota yanashuhudia. Nyota ambayo ulimwengu mzima huiita Aldebaran ni al-dabaran, mfuasi, kwa kuwa huifuata Thuraya, kundi la nyota ambalo wazee wetu waliliita Kilimia. Rigel ni rijl, mguu. Deneb ni dhanab, mkia. Wazee wa pwani nao hawakutazama bure. Manahodha waliokwenda na kurudi kwa pepo za kusi na kaskazi walizijua nyota za kuwaongoza baharini, na wakulima walisema kwamba kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.

Tarehe 12 Desemba 1970

Sasa twende Ngomeni. Kijiji hiki cha wavuvi kiko kaskazini ya Malindi, katika Kaunti ya Kilifi, na wengi wetu tumepata kusikia habari za Wataliano wa huko. Katika miaka ya 1960, Profesa Luigi Broglio wa Italia alisimamisha majukwaa ya chuma baharini karibu na Ngomeni, lililo maarufu zaidi likiitwa San Marco, na kutoka hapo setilaiti zikaanza kurushwa mwaka 1967. Roketi ya mwisho iliruka mwaka 1988. Kituo bado kipo, kikifuatilia setilaiti, na leo kinaitwa kwa jina la profesa huyo.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru wake, roketi ya Kimarekani aina ya Scout iliondoka jukwaani ikiwa imebeba setilaiti yenye uzito wa kilo 140 hivi. Msimamizi wa mradi huo alikuwa mwanamke, Bi. Marjorie Townsend, mhandisi wa NASA. Kwa heshima ya siku ile na ya nchi ile, setilaiti ikapewa jina la Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa ajili ya kuutazama ulimwengu kwa mionzi ya eksirei.

Kwa nini waje mpaka kwetu? Dunia huzunguka kuelekea mashariki, na mtu aliye kwenye ikweta husafirishwa nayo kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa bila ya kuhisi lolote. Roketi ikirushwa kuelekea mashariki kutoka karibu na ikweta huanza safari ikiwa tayari imebebwa na kasi hiyo, kama mtu anayerukia upande ule ule ambao jahazi linakwenda. Kwa hiyo hata roketi ndogo yatosha. Tena mbele ya Ngomeni ni Bahari ya Hindi tupu, na vipande vya roketi vikianguka havimwangukii mtu.

Na kwa nini eksirei ipelekwe juu? Hii ni mionzi ya aina ile ile inayotumika hospitalini kupiga picha ya mfupa. Huko mbinguni hutoka penye joto la mamilioni ya digrii, lakini hewa iliyotuzunguka huizuia yote isitufikie. Ni rehema kwa miili yetu, ila ni pazia mbele ya macho yetu. Mwenye kutaka kuiona hana budi kupanda juu ya hewa. Kabla ya Uhuru, vyombo vilipandishwa kwa roketi zilizokaa juu dakika chache tu kisha zikaanguka. Uhuru ilikaa zaidi ya miaka miwili, hadi Machi 1973, ikiizunguka dunia mara moja kila baada ya dakika 96 hivi, na ikatuachia orodha ya vitu 339 vinavyotoa eksirei mbinguni.

Uhuru iliona nini?

Kati ya vitu hivyo kimoja kiliwashangaza sana wanafalaki. Kinaitwa Cygnus X-1, na kiko katika kundi lile lile la nyota lenye Deneb, ile nyota ya mkia. Uhuru ilionyesha kwamba eksirei zake hazikutulia, zilipungua na kuongezeka mara kadhaa ndani ya sekunde moja.

Kumeta huko kulibeba habari kubwa, nasi tutaieleza kwa jambo tulilozoea. Katika msikiti mdogo wa mtaani, imamu akimaliza Alhamdu, "Amin" ya waumini husikika mbele kama sauti moja fupi. Katika uwanja mpana wa swala ya Idi, sauti za walio karibu hufika kwanza, na za waliosimama mwisho kabisa hufika zimechelewa, hivyo "Amin" hurefuka. Mtu aliyefumba macho aweza kukisia ukubwa wa jamaa ya swala kwa urefu wa sauti hiyo peke yake.

Nuru nayo ni hivyo hivyo. Ijapokuwa hukata kilomita 300,000 kwa sekunde moja, yahitaji zaidi ya sekunde 4 kulivuka jua letu kutoka ubavu mmoja hadi wa pili. Kitu kilicho kikubwa kama jua hakiwezi kumeta mara kadhaa kwa sekunde, kwani nuru ya upande wa mbali ingechelewa na kumeta kote kungefutika. Basi kile kilichokuwa kikimeta kilikuwa kidogo kuliko jua kwa mbali sana.

Hapo darubini za ardhini zikachukua zamu. Huko Uingereza, mwanafalaki Louise Webster, mwanamke mzaliwa wa Australia, akiwa na mwenziwe Paul Murdin, na huko Kanada Tom Bolton, waligundua kwamba mahali pale pana nyota kubwa inayozungushwa na mwenza asiyeonekana, mzunguko mmoja kila baada ya siku 5.6. Kutokana na mwendo wa nyota ile wakaupima uzito wa mwenza wake, na ukapita wa jua mara kadhaa. Vipimo vilivyotolewa mwaka 2021 vyaonyesha kwamba uzito huo ni wa majua 21 hivi. Hakuna aina ya nyota iliyokufa inayojulikana iwezayo kubeba uzito mkubwa hivyo bila ya kujiporomokea yenyewe.

Kitu kizito kiasi hicho, kilichobanwa mahali padogo kiasi hicho, wanafalaki hukiita shimo jeusi. Jiwe likirushwa juu hurudi chini kwa sababu dunia hulivuta. Ili kuondoka duniani moja kwa moja, lahitaji kasi ya kilomita 11 hivi kwa sekunde. Kwenye shimo jeusi mvuto ni mkali hata kasi ya nuru yenyewe haitoshi, na kwa hiyo halionekani. Tunachokiona ni gesi ya nyota jirani ikivutwa, ikizunguka kama maji yanayokwenda kwenye tundu la beseni, ikisuguana na kupata moto mpaka ikatoa eksirei kabla ya kutumbukia.

Kwa karne nyingi hakuna aliyekuwa na habari ya vitu hivi. Baadaye vikawa hesabu tu juu ya karatasi. Ushahidi wa kwanza wenye nguvu kwamba vipo kweli uliletwa na chombo kilichoondoka kwenye maji ya Ngomeni kikiwa na jina la Kiswahili. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kundi la wanasayansi wa Uhuru, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002 kwa kazi yake ya kufungua elimu ya eksirei za mbinguni.

Panapoishia kipimo

Mtoto akishasikia hayo atauliza zaidi. Ndani ya shimo jeusi mna nini? Wanasayansi hawajaweza kusema, maana hakuna habari inayotoka. Ulimwengu una mwanzo? Vipimo vyaonyesha kwamba ulimwengu unapanuka, na ukizirudisha nyuma hesabu za upanukaji huo wafika miaka bilioni 13.8 hivi iliyopita, ulipokuwa umesongamana na wenye joto kali. Kabla ya hapo je? Hapo kipimo kinanyamaza.

Twapenda wazazi watofautishe maswali ya aina mbili. Yako maswali ya vipi, lini na umbali gani. Hayo hujibiwa kwa kutazama, kupima na kuhesabu, na mwenye kuyajibu aweza kuwa Muislamu au asiwe. Na yako maswali ya kwa nini tupo, nani ametuweka, na tunarejea kwa nani. Hayo darubini haiyafikii, na hatuna haja ya kuyapeleka huko. Mtoto aliyefundishwa kila swali lina mlango wake hatatikisika imani siku mwalimu wa fizikia atakapotaja mabilioni ya miaka, wala hataidharau fizikia kwa kudhani kwamba inampinga Mola wake. Qur'ani Tukufu yenyewe yatuhimiza mara nyingi tuitazame mbingu na tutafakari, na hakuna anayetafakari bila ya kuuliza.

Wanazuoni wetu walizoea kumaliza maneno yao kwa kusema Allahu a'lam, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi. Tamko hilo lilikuja mwisho, baada ya kusoma, kupima na kujitahidi. Sisi tumelihamisha tukaliweka mwanzoni, likawa kifuniko cha kumnyamazisha mtoto kabla hajatafuta. Turudisheni tamko hilo mahali pake.

Jina letu, swali la wengine

Habari ya Ngomeni yatufurahisha, lakini haikosi kutuchoma. Jina lilikuwa letu, bahari ilikuwa yetu, na hata ikweta iliyoirahisisha safari ilikuwa yetu. Swali lilikuwa la wengine, na kwa hiyo jibu likaandikwa kwa majina yao. Waliouliza ndio waliojenga chombo, nao ndio waliojua nini cha kutafuta kiliposhusha habari zake. Mwenye ardhi asiyeuliza hubaki kuwa mwenyeji wa safari za watu.

Mambo yameanza kubadilika. Tarehe 15 Aprili 2023 Kenya ilirusha Taifa-1, iliyobuniwa na wahandisi Wakenya kwa kushirikiana na kampuni ya Bulgaria, kwa ajili ya kutazama mashamba na mazingira yetu kutoka juu. Ilirushwa kutoka California. Mwaka 1970 Wamarekani walikuja Ngomeni kurusha setilaiti yenye jina la Kiswahili, na mwaka 2023 Wakenya walikwenda Marekani kurusha ya kwao. Miongoni mwa watakaoijenga inayofuata, tungependa kumwona binti aliyelelewa Kisauni, Lamu au Mambrui, ambaye mamake hakumwambia anyamaze.

Kazi ya familia wiki hii

Hakuna chombo cha kununua. Ukiwa na dari iliyo wazi, ua au ufuo, yatosha. Baada ya swala ya Isha zimeni taa, mkae dakika kumi mpaka macho yazoee giza.

Kuanzia Agosti hadi Oktoba, tazameni juu na upande wa kaskazini mtafute nyota tatu kali zilizofanya pembetatu kubwa. Iliyo juu zaidi ni Altair, ndege arukaye. Mbili zilizo kaskazini ni Vega na Deneb, na Deneb ndiyo ya mashariki. Cygnus X-1 iko upande huo huo wa Deneb. Haionekani kwa macho, lakini mtoto aweza kuelekezewa kidole na kuambiwa kwamba nuru inayotufikia leo kutoka huko ilianza safari miaka 7,000 hivi iliyopita, kabla ya piramidi za Misri kujengwa. Kuanzia Desemba hadi Machi, tafuteni Kilimia na mfuasi wake mwekundu.

Kisha mwambieni jambo moja la Altair. Umbali wake ni miaka ya nuru 17. Nuru inayoingia machoni mwake usiku huu iliondoka kule mwaka aliozaliwa dada yake mkubwa anayejiandaa kwa mtihani wa Kidato cha Nne. Mtoto atanyamaza kidogo akihesabu, kisha ataleta swali jingine.

Na likija swali lisilo na jibu nyumbani, liandikwe kwenye daftari kwa jina la aliyeuliza na tarehe. Litapelekwa kwa mwalimu wa sayansi, kwa ustadhi wa madrasa, au litangoja mpaka mwenyewe akue alitafutie jibu. Daftari hilo litunzwe pamoja na vitu vya thamani vya nyumba.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, awajaalie watoto wetu wawe wenye kuuliza kwa adabu na kutafuta kwa subira, na atupe sisi wazazi moyo mpana wa kuwasikiliza. Amin.

Wallahu a'lam.